Shamba la Anathothi: Kuzitumainia Ahadi za Urejesho

 

Somo la sikukuu hii ya miaka 100 limetoka katika kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 32, mistari ya 6 hadi 15. Katika sikukuu kama hii wahubiri wengi huikimbilia sura ya 29 au ya 31, kwa kuwa humo ahadi za Mungu zimesemwa kwa sauti tamu na watu wanazijua kwa moyo. Sura ya 32 huachwa kando, pengine kwa sababu inahusu ununuzi wa shamba, na mambo ya hati huonekana kuwa ya ofisini kuliko ya madhabahuni. Hata hivyo ni vigumu kupata mahali pengine katika vitabu vya manabii ambapo ahadi ya urejesho iliwekwa juu ya mizani, ikapimwa kwa fedha, mbele ya mashahidi.

Ulikuwa mwaka wa 10 wa Sedekia mfalme wa Yuda, ambao ndio mwaka wa 18 wa Nebukadreza mfalme wa Babeli. Yapata mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Wakaldayo lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Maboma ya udongo yalikuwa yameinuliwa mpaka karibu na kuta, na ndani ya mji njaa na tauni zilikuwa zimekwisha kuanza kazi yake. Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanda wa walinzi, ndani ya nyumba ya mfalme. Chakula chake kilikuwa mkate mmoja kwa siku kutoka njia ya waokaji, na agizo la mfalme lilikuwa kwamba apewe mkate huo hadi mikate yote ya mji itakapokwisha. Na kweli ilikwisha.

Kosa lake lilikuwa nini? Alisema wazi kwamba mji utatwaliwa, na kwamba mfalme hataokoka mikononi mwa Wakaldayo. Katika mji uliozingirwa maneno ya namna hiyo huitwa uhaini. Jambo hili lisipokumbukwa, habari ya shamba haitaeleweka. Kama Yeremia angalikuwa nabii wa kubembeleza, aliyezoea kusema kwamba mambo yatakuwa mema, ununuzi wake usingalimshangaza mtu. Lakini huyu ndiye aliyetangaza anguko kwa muda wa miaka 40 hivi. Yeye ndiye aliyeambiwa anunue.

Neno la Bwana lilimjia likimwarifu kwamba Hanameli, mwana wa Shalumu mjomba wake, atakuja kumtaka alinunue shamba lililoko Anathothi katika nchi ya Benyamini. Naye Hanameli akaja, akaingia uwandani, akasema maneno yale yale. Ndipo Yeremia akajua kwamba lilikuwa neno la Bwana. Mstari huo wa 8 huruka macho ya wasomaji wengi. Nabii mkuu kiasi hicho, ambaye neno lilikuwa likimjia tangu ujana wake, alihitaji kuona mlango ukifunguliwa na ndugu yake akiingia ndipo awe na hakika. Imani yake haikuwa ya mtu asiyejua kuuliza.

Sheria iliyomleta Hanameli iko katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25. Ndugu akiwa maskini na kulazimika kuuza sehemu ya milki yake, jamaa yake wa karibu ana haki na wajibu wa kuikomboa, ili ardhi isitoke katika ukoo. Kwa watu wanaojua maana ya kihamba, sheria hiyo haihitaji maelezo marefu. Shamba la ukoo si mali ya sokoni. Ni mahali makaburi yalipo, na anayeliachia liende kwa wageni anaukata mnyororo wa waliotangulia na watakaofuata. Basi ombi la Hanameli lilikuwa halali kabisa. Ubaya wake ulikuwa wakati. Anathothi uko umbali wa kilomita chache tu kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, na jina lake limebaki hata leo katika kijiji cha Anata. Jeshi lililoufunga mji lilikuwa limeenea katika nchi ile yote. Shamba lililokuwa likiuzwa lilikuwa mikononi mwa adui, na mnunuzi mwenyewe alikuwa mfungwa.

Kuna uchungu mwingine ndani ya biashara hii, ambao sura ya 32 haiutaji. Anathothi ulikuwa mji wa makuhani, na ndiko Yeremia alikozaliwa. Miaka mingi kabla ya siku ile, watu wa Anathothi walifanya shauri la kumwua ili asitabiri tena kwa jina la Bwana. Habari hiyo imo katika sura ya 11. Sura ya 12 inaongeza kwamba hata ndugu zake na nyumba ya baba yake walimtenda kwa hila. Na neno la hukumu lililotamkwa juu ya watu wale lilikuwa kali mno, kwamba hata masalio hayatabakia kwao. Sasa kutoka katika ukoo huo huo anakuja mtu kumwomba msaada, naye hasemi lolote juu ya yaliyopita. Maandiko hayatuambii kwamba Yeremia alimkumbusha. Yanatuambia kwamba alipima fedha.

Zilikuwa shekeli 17. Katika Yuda ya siku zile watu hawakuhesabu sarafu. Fedha ilipimwa kwa mizani, na shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu, hivi kwamba malipo yote yalifika karibu gramu 190. Yeremia akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, nao wakatia sahihi zao mbele ya Wayahudi wote walioketi uwandani. Zilikuwa nakala mbili, moja iliyofungwa na kutiwa muhuri kwa kuifuata sheria na desturi, na nyingine iliyokuwa wazi. Desturi hiyo inafahamika vizuri. Katika kisiwa cha Elefantine, kusini mwa Misri, zimepatikana hati za Wayahudi walioishi huko katika karne ya 5 kabla ya Kristo, zimekunjwa, zimefungwa kwa uzi na kutiwa muhuri wa udongo. Mwaka 1961, katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, zikapatikana hati za karne ya 2 baada ya Kristo, za mwanamke Myahudi aitwaye Babatha, nyingi zikiwa za namna ya maandishi mawili: sehemu ya juu imefungwa ili asije mtu akaibadili, na sehemu ya chini imeachwa wazi ili isomwe. Ukitokea ugomvi, iliyofungwa hufunguliwa, na ukweli hujulikana.

Kisha Yeremia akamkabidhi Baruku mwana wa Neria hati zote mbili, akamwagiza azitie ndani ya chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi. Aliyeagiza hivyo alijua kwamba zisingefunguliwa kesho. Mtu anayetazamia kulima msimu ujao huiweka hati yake mahali pa karibu. Anayeitia ndani ya mtungi anawaza habari za watu ambao hajawaona. Na sababu ikatolewa hapo hapo, mbele ya wote: nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Walutheri wengi wanaupenda msemo unaodai kwamba Martin Luther angepanda mti wa tofaa hata kama angejua dunia inaisha kesho. Wachunguzi wameutafuta katika maandishi yake bila kuuona, na unaonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Si hasara. Maandiko yanaye mtu aliyefanya jambo la namna hiyo kweli, na bei, mashahidi na mahali pa kuitunza hati vikaandikwa.

Sasa, wapendwa, jambo la kutazamwa kwa makini ni lile lililofuata. Baada ya hati kukabidhiwa, na si kabla, Yeremia akaomba. Maombi hayo yanaanza kwa utukufu. Anamtaja Mungu aliyeziumba mbingu na nchi, anakiri kwamba hakuna jambo lililo gumu asiloliweza, anasimulia Misri na jangwa na nchi ya ahadi. Lakini yakifika mwisho yanapoteza nguvu. Tazama, maboma yamefika. Mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo. Na wewe, Bwana, umeniambia nilinunue shamba. Hapo yanakatika. Hayana ombi, wala hayana amina. Ni mtu aliyekwisha kutii, fedha zimekwisha kutoka mkononi mwake, naye anageuka na kumtazama Bwana wake kwa mshangao.

Wako wanaofundisha kwamba kuzitumainia ahadi za Mungu ni kutokuwa na swali. Yeremia anawakanusha. Alitii akiwa na swali, na swali hilo alilipeleka mahali panapostahili. Naye Mungu hakumkemea. Aliyachukua maneno ya nabii mwenyewe, yale ya mwanzo wa maombi, akamrudishia yakiwa swali: je, liko jambo gumu asiloliweza Bwana? Mtu alikiri kwa kinywa, na sasa anaulizwa kama aliyasikia aliyoyasema.

Katika Kiebrania neno linalobeba ahadi hizi za urejesho lina shina moja na neno la toba, shina lenye maana ya kurudi au kugeuka. Sura za 30 hadi 33, zinazoitwa mara nyingi Kitabu cha Faraja, zinalirudia tena na tena: Mungu atawarudisha waliofungwa, nao watamrudia yeye. Kiswahili nacho kina zawadi yake hapa. Kurudi ni kurejea nyumbani. Na kumrudi mtu ni kumwonya kwa adhabu, kama mzazi amrudivyo mwanawe. Manabii wasingaliona shida katika neno lenye maana zote mbili. Kwao Babeli ilikuwa fimbo na ilikuwa njia, na aliyerudiwa ndiye aliyerudishwa.

Ndiyo maana Yeremia alipambana na Hanania mwana wa Azuri. Ilikuwa mwaka wa 4 wa Sedekia, mwezi wa 5. Hanania alisimama katika nyumba ya Bwana, akatangaza kwamba baada ya miaka miwili vyombo vya hekalu, Mfalme Yekonia na wafungwa wote watakuwa wamerudi. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Inapendeza kuona kwamba jibu la kwanza la Yeremia lilikuwa amina; alitamani iwe hivyo. Lakini yeye alikuwa na hesabu nyingine, miaka 70. Mwezi wa 7 wa mwaka huo huo Hanania akafa.

Tofauti ya miaka miwili na miaka 70 si tofauti ya hesabu tu. Mtu mzima akiambiwa miaka miwili, anafunga mizigo na kungoja. Akiambiwa 70, anajua kwamba yeye hatarudi. Anayeahidiwa ni mjukuu wake. Manabii wa miaka miwili hawajaisha duniani. Wanasikika katika viwanja vingi, wakiwaahidi watu nyumba, mtoto, kazi na afya kabla mwaka haujageuka, na wengi wanaowasikiliza ni watu wenye shida za kweli. Wasikilizaji hao wasichekwe. Wanachokitaka ni kile alichokiitikia amina Yeremia mwenyewe. Lakini ahadi iliyofupishwa ili ipendeze humwacha mtu mkavu kuliko alivyokuwa.

Barua ya Yeremia kwa wafungwa wa Babeli iliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule walikochukuliwa. Kwamba walifanya hivyo, ushahidi upo. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli, na kuchapishwa mwaka 1939, vinataja posho ya mafuta aliyopewa Yekonia mfalme wa Yuda na wanawe. Vibao vingine vilivyochapishwa mwaka 2014, ambavyo cha kale zaidi ni cha mwaka 572 kabla ya Kristo, vinaonyesha kijiji katika nchi ya Babeli kilichoitwa kwa jina la Yuda, ambamo wahamishwa walilima, walikopa, walilipa kodi na kuwapa watoto majina yenye jina la Bwana ndani yake. Huko nako hati ziliandikwa. Waliojua kwamba hawatarudi waliendelea kuwaita watoto wao kwa jina la Mungu wa huko walikotoka.

Na shamba? Mwaka uliofuata kuta zilibomolewa, hekalu likachomwa moto. Yeremia akapewa hiari ya kwenda Babeli au kubaki, akabaki, akakaa na Gedalia huko Mizpa. Gedalia akauawa. Waliosalia wakaogopa, wakakimbilia Misri kinyume cha neno la nabii, wakamchukua Yeremia na Baruku pamoja nao. Habari zake za mwisho ziko Misri, katika mji wa Tahpanesi na miongoni mwa Wayahudi waliokaa katika nchi ile. Hakuna mstari unaosema kwamba aliwahi kukanyaga shamba lake. Alilinunua akiwa kifungoni, akamaliza akiwa ugenini, upande wa dunia ambako hakutaka kwenda.

Mwaka 539 kabla ya Kristo Koreshi mfalme wa Uajemi aliitwaa Babeli. Pipa dogo la udongo lenye maandishi yake, lililopatikana Babeli mwaka 1879, linasimulia jinsi alivyorudisha sanamu za miungu na watu kwenye makao yao. Wayahudi hawatajwi humo. Lakini siasa yake inaonekana, nayo inalingana na tangazo lililoandikwa katika kitabu cha Ezra. Safari ikaanza. Na hapa wahubiri wa urejesho wanapaswa kuwa wakweli: urejesho uliokuja ulikuwa mdogo. Msingi wa hekalu ulipowekwa, vijana walipiga kelele za furaha, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, hata isiweze kujulikana sauti ya furaha na sauti ya kilio. Kazi ikasimama miaka mingi. Hagai na Zekaria waliwaamsha mwaka 520, na nyumba ikamalizika mwaka 515. Hapakuwa na mfalme wa ukoo wa Daudi. Alikuwako liwali chini ya Uajemi, na kodi yake.

Hata ile ahadi ya mashamba kununuliwa ilitimia kwa namna ya kutia simanzi. Nehemia alipofika, mwaka 445, alikuta watu wakiweka rehani mashamba yao na mizabibu yao ili wapate nafaka, na waliowadai walikuwa ndugu zao wenyewe, waliorudishwa kwa ahadi ile ile. Alikasirika sana, akawalazimisha kurudisha. Mungu alikuwa amerudisha nchi. Kurudishiana kulibaki kuwa kazi ya watu, nao wakaifanya kwa shingo ngumu.

Kanisa halikuishia hapo katika kuzisoma ahadi hizi. Sura ya 31, iliyo mlangoni pa sura ya shamba, inatangaza agano jipya litakaloandikwa mioyoni, na usiku ule aliotolewa, Bwana Yesu alikitwaa kikombe akakitaja kwa jina hilo. Kila Chakula cha Bwana kinachotolewa katika usharika ni sahihi juu ya hati ile. Mtume Paulo naye, alipotaka kueleza kwamba Roho Mtakatifu ni dhamana ya urithi usioonekana bado, alichagua neno la wafanya biashara, ambalo Biblia ya Kiswahili inaliita arabuni. Neno hilo ni la Kisemiti. Limo katika Kiebrania cha Mwanzo sura ya 38, Wagiriki wakalichukua, Waarabu wanalo, na Waswahili wakalipokea kutoka kwao. Aliyetoa arabuni amejifunga. Paulo analisema hilo juu ya Mungu.

Wazee waliotunza sanduku la hati za usharika kwa miaka hii 100 wanaujua uzito wa karatasi ambayo hakuna anayeiulizia kwa muda mrefu. Waliokuwa na chombo cha Baruku hawajulikani. Maandiko hayataji chombo hicho tena. Kinachotajwa ni watu. Katika sura ya 2 ya kitabu cha Ezra imo orodha ndefu ya waliorudi kutoka Babeli, ukoo kwa ukoo na mji kwa mji, orodha ambayo wasomaji wa zamu kanisani huiogopa kwa sababu ya majina. Ndani yake, katika mstari wa 23, wapo watu wa Anathothi, mji ule ambao hukumu ilisema masalio hayatabakia kwao. Mtu aweza kueleza kwamba hukumu iliwahusu wale waliotaka kumwua nabii na si wajukuu wao, na maelezo hayo hayana kosa. Idadi yao ni 128. Orodha haisimami hapo kueleza lolote, inaendelea na mji unaofuata, watu wa Azmawethi, 42.